PDF.js: Maktaba huria inayofungua nyaraka ndani ya kivinjari

PDF.js ni maktaba huria ya programu inayowezesha faili za PDF kufunguliwa na kusomwa ndani ya kivinjari cha intaneti, bila ya msomaji kuhitaji programu nyingine katika tarakilishi au simu yake. Ilianzishwa mwaka wa 2011 na wahandisi wa Mozilla, shirika linalotengeneza kivinjari cha Firefox, na tangu Februari 2013 imekuwa sehemu ya kivinjari hicho. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuutumia katika tovuti yake pasipo kulipa ada yoyote.

Wengi hawajapata kulisikia jina hilo, ingawa huenda wameitumia maktaba yenyewe mara kadhaa. Mkazi wa Longisa, mji mdogo ulio kando ya barabara ya kutoka Bomet kuelekea Narok, anayefungua Gazeti Rasmi la Serikali katika tovuti ya Kenya Law hana haja ya kujua ni mashine gani inayomchorea kurasa hizo. Atabofya, na gazeti litajitokeza.

Lakini gazeti hilo si waraka wa kupitisha wakati. Hutolewa kila Ijumaa, na ndani yake hutangazwa maombi ya kusimamia mali ya marehemu. Anayepinga ombi hupewa siku 30 tangu siku ya kuchapishwa kwa tangazo kufika mahakamani. Hatimiliki ya shamba iliyopotea nayo hutangazwa humo, na msajili wa ardhi huweza kutoa nyingine baada ya siku 60 iwapo hapana pingamizi. Katika maeneo ya Bomet na Kericho, ambako kipande cha ardhi chenye michai huweza kulisha na kusomesha nyumba nzima, kulikosa jina la marehemu baba katika orodha hiyo ndefu ni jambo linaloweza kuigharimu familia urithi wake. Kwa hivyo swali la iwapo waraka unafunguka katika simu, na iwapo jina linaweza kutafutwa ndani yake, lina uzito kuliko linavyoonekana.

WARAKA USIOBADILIKA SURA

Muundo wa PDF ulitokana na mradi ulioanzishwa mwaka wa 1991 na John Warnock, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Adobe ya Marekani. Alitaka waraka uliotayarishwa katika tarakilishi moja uonekane vile vile katika nyingine, na pia utoke vile vile katika mashine ya kuchapisha. Toleo la kwanza lilitangazwa mwaka wa 1993. Kwa miaka 15 Adobe ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho juu ya muundo huo, hadi mwaka wa 2008 ulipokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO, na hivyo kila mwenye ujuzi akaweza kuandika programu ya kuusoma akijua kwamba kanuni hazitabadilishwa na kampuni moja.

Serikali na mahakama kote duniani ziliupenda, na sababu iko wazi. Barua iliyoandikwa kwa programu ya kawaida huweza kuhama mistari na kubadilika herufi inapofunguliwa katika tarakilishi nyingine, lakini PDF hubaki na nambari zake za kurasa, majedwali yake na mpangilio wake. Wakili anayetaja ukurasa wa 14 jijini Nairobi anazungumzia ukurasa ule ule alio nao hakimu wa Bomet.

Uthabiti huo una gharama yake. PDF haihifadhi maandishi kwa jinsi mwanadamu anavyoyafikiria, yaani sentensi na aya. Aghalabu huhifadhi maagizo ya uchoraji: chukua fonti hii, nenda mahali hapa katika ukurasa, weka alama hii, songa kidogo, weka nyingine. Waraka wa kurasa 60 huwa na maelfu kwa maelfu ya maagizo ya aina hiyo, tena yaliyobanwa ili faili isiwe kubwa. Kuyafungua na kuyatekeleza si kazi ndogo, na kwa muda mrefu vivinjari vilikuwa haviiwezi.

KABLA YA MWAKA WA 2011

Katika miaka ya 2000 mtu aliyeingia saiba kufungua waraka wa PDF alitegemea kwamba mwenye saiba alikuwa ameweka Adobe Reader au programu nyingine ya namna hiyo. Iwapo haikuwamo, ilibidi ipakuliwe, na kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka wa 2009, kupakua programu kubwa kwa mawasiliano ya setilaiti kulikuwa mtihani wa subira na wa mfuko. Hata ilipokuwamo, ilishikizwa kwenye kivinjari kama kiambatisho, na ilikuwa kawaida kivinjari chote kuganda pale waraka ulipofunguka vibaya.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa la usalama. Viambatisho hivyo viliandikwa kwa lugha zinazoweza kugusa kumbukumbu ya tarakilishi moja kwa moja. Wahalifu walijifunza kutengeneza faili za PDF zenye kasoro za makusudi, ambazo zikifunguliwa ziliuvuruga mtambo na kuwapa mwanya wa kuingiza programu zao. Kufikia mwaka wa 2010, PDF ilikuwa mojawapo ya njia zilizopendwa mno na wavamizi wa tarakilishi.

Wahandisi Andreas Gal na Chris Jones wa Mozilla walijiuliza swali ambalo kwa wengi lilionekana kama mzaha: je, inawezekana kuandika kisomaji kizima cha PDF kwa JavaScript, lugha ile ile inayotumiwa na kurasa za kawaida za intaneti? Kurasa hizo hufungiwa ndani ya mipaka mikali. Haziruhusiwi kusoma faili za mwenye tarakilishi wala kuendesha programu nyingine. Kisomaji kilichoandikwa kwa lugha hiyo kingerithi mipaka hiyo, na PDF yenye hila ingejikuta kifungoni tangu mwanzo.

Jaribio hilo lilitangazwa hadharani mwezi wa Juni 2011. Waraka uliotumiwa kuonyesha kazi hiyo ulikuwa makala ya kitaaluma ya mwaka wa 2009 ambayo Gal mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wake, na faili hiyo bado ndiyo inayofunguka katika ukurasa wa maonyesho wa PDF.js. Firefox 19, iliyotolewa Februari 2013, ilikuwa ya kwanza kuwafikishia watumiaji wote kisomaji hicho bila wao kukiomba.

Google ilikuwa imekwisha kushika njia nyingine. Chrome ilipata kisomaji chake mwaka wa 2010, kilichojengwa juu ya kazi ya kampuni ya Foxit, na mwaka wa 2014 msimbo wake ukafunguliwa kwa umma kwa jina la PDFium. Huo umeandikwa kwa lugha iliyo karibu zaidi na mashine, na una kasi. Tofauti muhimu kwa mwenye tovuti ni kwamba PDFium ilitengenezwa ili ikae ndani ya kivinjari chenyewe, ilhali PDF.js inaweza kuchukuliwa kama ilivyo na kuwekwa ndani ya tovuti, ikafanya kazi katika kivinjari chochote cha kisasa atakachokuja nacho msomaji.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

PDF ni kitabu chenye faharasa nyuma. Mwishoni mwa faili huwa na jedwali linaloonyesha kila kipande kiko wapi. PDF.js huanza huko, ikatambua kurasa ziko ngapi na ziko wapi, kisha ikachukua tu vipande inavyovihitaji. Iwapo seva inayohifadhi waraka inakubali kutoa faili kwa vipande, msomaji anaweza kuanza kusoma ukurasa wa kwanza kabla waraka wote haujafika. Seva isiyokubali humlazimisha kungoja faili nzima. Hapa ndipo watu wa mitambo wa afisi husika wanapoweza kumwokolea au kumlia mwananchi salio lake la data.

Kazi hugawanywa sehemu mbili. Sehemu moja, inayofanyika nyuma ya pazia, huyafumbua maagizo yaliyobanwa, husoma fonti na huzitengeneza picha. Nyingine hushika kalamu na kuchora ukurasa kwenye skrini. Mgawanyo huu ndio unaowezesha msomaji kuendelea kutelezesha kidole bila skrini kuganda, ijapokuwa ukurasa unaofuata bado unapikwa. Aidha, kurasa zilizo mbali na macho hazichorwi, na zilizopitwa huachiliwa ili kumbukumbu isijae. Kwa simu ya bei nafuu hilo si jambo la anasa.

Ukurasa uliochorwa kwa namna hiyo ni picha tu. Hauwezi kutiwa alama wala kunakiliwa. Kwa sababu hiyo PDF.js hutandaza juu ya picha tabaka la pili lenye maandishi yasiyoonekana, kila neno likiwekwa sawia juu ya mfano wake uliochorwa. Msomaji anapoburura kidole kutia alama sentensi, au anapoandika jina la ukoo wake katika kisanduku cha kutafutia, ni tabaka hilo la maandishi linalomhudumia.

Waandishi wa Kiswahili wana sababu zao za kujali tabaka hilo. Fonti nyingi za vitabu huunganisha f na i kuwa alama moja kwa ajili ya urembo. Ikiwa aliyetayarisha waraka hakuhifadhi jedwali linaloeleza kwamba alama hiyo ni herufi mbili, maneno kama "afisi" na "fidia" hayatapatikana yakitafutwa, japo yanaonekana wazi kwenye skrini. Anayetafuta "ufisadi" katika ripoti ya fedha na kuambiwa halimo asifurahi mapema. Jedwali likiwapo, PDF.js huzitambua herufi hizo mbili bila shida. Hali kadhalika, hulichukulia ritifaa lililopinda na lililonyooka kuwa kitu kimoja, hivi kwamba "ng'ombe" na "ng'ambo" hupatikana vyovyote mpigachapa alivyoziandika.

MATUMIZI YAKE AFRIKA MASHARIKI

Mfano ulio karibu zaidi ni wa tovuti za sheria. Taasisi za AfricanLII na Laws.Africa, zote zenye makao Cape Town, zimetengeneza programu huria iitwayo Peachjam kwa ajili ya kuchapisha sheria, hukumu na magazeti rasmi ya nchi za Afrika. Peachjam hutumia PDF.js kuonyesha nyaraka zilizo katika muundo wa PDF. Tovuti za ULII ya Uganda, TanzLII ya Tanzania na ZanzibarLII zinaitumia, na juu yake ndipo ilipojengwa tovuti mpya ya Kenya Law, taasisi ya umma iliyopewa jukumu la kuchapisha taarifa za sheria nchini Kenya.

Kwa hivyo mkulima anayetaka kujua Sheria ya Chai ya mwaka wa 2020, ile iliyoirejesha Bodi ya Chai ya Kenya, imetajwa vipi katika hukumu fulani, hahitaji kwenda Nairobi wala kununua juzuu la wakili. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inaeleza utaratibu wake. Haki hiyo ina maana ndogo iwapo waraka unapatikana kwa jina tu.

Na hapa ndipo PDF.js inapofikia ukomo wa uwezo wake. Afisi nyingi huchukua waraka uliokuwa tayari katika tarakilishi, zikauchapisha kwenye karatasi, zikaupiga muhuri na kuutia sahihi, kisha zikaupitisha katika skana na kuuweka mtandaoni. Kinachotoka ni mfululizo wa picha za karatasi. PDF.js itazionyesha kwa uaminifu, lakini hakuna maandishi ndani yake ya kutandazwa juu, kwa hivyo jina halitafutiki na takwimu hazinakiliki. Msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea kwa sauti, hukutana na ukimya mtupu. Faili yenyewe nayo huvimba: waraka ambao ungekuwa wa kilobaiti mia chache hugeuka kuwa wa megabaiti kadhaa. Kuna programu za kutambua herufi ndani ya picha na kuzirudisha kuwa maandishi, lakini hiyo ni kazi ya mchapishaji. PDF.js haiifanyi.

Si kila skani ni uzembe. Katika uchaguzi wa urais wa Agosti 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliweka mtandaoni nakala za Fomu 34A kutoka vituo 46,229 vya kupigia kura, vya kaunti ya Bomet vikiwamo. Pale, picha ndiyo iliyotakiwa: mwandiko wa msimamizi, sahihi za mawakala na muhuri wa kituo vilikuwa ushahidi wenyewe. Mwananchi aliweza kuifungua fomu ya shule aliyopigia kura na kuilinganisha na aliyoyaona yamebandikwa mlangoni. Ila hakuna programu ya kusomea iliyoweza kuzijumlisha tarakimu zile, na vyumba vya habari vililazimika kuwaketisha watu kuzinakili fomu moja baada ya nyingine. Kwa bajeti ya kaunti au orodha ya mazishi ya hati za ardhi hapana sababu ya namna hiyo, maana sahihi inaweza kuwekwa kwenye ukurasa mmoja na zilizosalia zikabaki maandishi.

USALAMA NA SIRI

Faida moja ya PDF.js ambayo haitajwi vya kutosha ni kwamba kazi yote hufanyika ndani ya kifaa cha msomaji. Zipo huduma za kufungua nyaraka ambazo huipeleka faili kwenye seva ya kampuni fulani, ikageuzwa huko, kisha picha zikarudishwa. Kwa tangazo la hadhara hilo halidhuru. Kwa matokeo ya maabara ya mgonjwa au hati ya mshahara wa mwalimu, ni siri iliyopitishwa mikononi mwa mtu wa tatu.

Maktaba yenyewe haijakosa nyufa. Mnamo Agosti 2015 iligunduliwa kasoro katika kisomaji cha Firefox iliyokuwa ikitumiwa tayari, kupitia tangazo la biashara katika tovuti moja ya habari ya Urusi, kuiba faili kutoka tarakilishi za wasomaji. Mozilla ilitoa Firefox 39.0.3 tarehe 6 mwezi huo kuiziba. Kasoro nyingine ilitangazwa Mei 2024, ikihusu jinsi fonti zilivyoshughulikiwa: waraka uliotengenezwa kwa hila ungeweza kuendesha msimbo wa JavaScript ndani ya tovuti iliyoufungua. Ilirekebishwa katika Firefox 126 na katika toleo la 4.2.67 la PDF.js.

Kisa cha 2024 kina funzo kwa wenye tovuti. Firefox hujisasisha yenyewe. Nakala ya PDF.js iliyowekwa ndani ya tovuti ya kaunti, chuo au chama cha ushirika haijisasishi. Hubaki na ufa wake hadi mtu mwenye ufunguo wa seva aibadilishe, na mara nyingi aliyeijenga tovuti alikwisha kulipwa na kuondoka.

Kuna kosa jingine la afisi ambalo kisomaji hiki hulianika bila huruma. Karani anayetaka kuficha jina la mgonjwa au nambari ya kitambulisho huchora mstatili mweusi juu yake, akahifadhi PDF na kuituma. Mstatili huo hufunika mchoro tu. Maandishi yaliyo chini yake yangali ndani ya faili, na yeyote anayetia alama sehemu hiyo na kuinakili ataweza kuyabandika kwingine na kuyasoma. Tangu kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, kosa hilo si aibu pekee bali linaweza kuifikisha afisi mbele ya Kamishna wa Data. Maandishi ya siri sharti yafutwe, si kufunikwa.

LESENI, LUGHA NA SIMU

PDF.js hutolewa chini ya leseni ya Apache 2.0. Anayeichukua anaweza kuiuza ndani ya bidhaa yake, mradi aihifadhi taarifa ya leseni na kuonyesha faili alizozibadilisha. Maneno ya vitufe vyake, kama vile "ukurasa unaofuata" na "tafuta", huhifadhiwa mbali na msimbo, kila lugha na faili yake, ili wafasiri wa kujitolea waweze kufanya kazi bila kuwa mafundi wa programu. Kiacholi cha kaskazini mwa Uganda kimo katika orodha hiyo. Chuo kinachofundisha Kiswahili na tarakilishi kwa pamoja kingeweza kulishughulikia faili hilo katika muhula mmoja.

Tangu Firefox 106 ya Oktoba 2022, kisomaji hiki kinamruhusu mtumiaji kuandika na kuchora juu ya waraka, hivyo fomu ya maombi ya basari huweza kujazwa bila kuchapishwa kwanza. Firefox ya simu za Android ilipata kisomaji cha ndani katika toleo la 111, Machi 2023. Kwa miaka mingi Chrome ya Android haikuwa ikionyesha PDF kabisa. Iliipakua na kuikabidhi programu nyingine, iwapo ilikuwamo. Ndiyo maana tovuti nyingi zinazowalenga wasomaji wa simu zilijiwekea PDF.js zenyewe, na mwenye simu ya aina hiyo huko Longisa akaweza kuliona Gazeti Rasmi la Ijumaa ndani ya ukurasa ule ule aliobofya, akaandika jina la marehemu katika kisanduku cha kutafutia, na kulikuta au kulikosa kabla siku 30 hazijapita.